Uzamili wa maafa na tabianchi nje ya nchi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nirudi kutoka Sweden, haipiti wiki bila ujumbe wa mtu anayetaka kwenda kusomea usimamizi wa maafa na kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Wengi ni maofisa wa halmashauri, vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, na waliomaliza chuo juzijuzi. Maswali yao yanafanana, nami nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kadiri ninavyojua. Ada, tarehe na masharti hubadilika, kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi moja, hakikisha kwenye tovuti rasmi ya chuo, ya mfadhili au ya ubalozi.

## Mambo ya mwanzo

Shahada hii inafundisha nini hasa?

Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Mtaalamu wa miamba atauliza kwa nini udongo uliporomoka, na mhandisi atauliza maji yalipita wapi. Aliyesomea fani hii anayachukua majibu ya hao wawili halafu anaendelea kuuliza: nani walikuwa wamejenga kwenye mkondo ule, na kwa nini hapo? Utabiri wa mvua kubwa ulimfikia nani, kwa lugha gani, saa ngapi? Nani alikuwa na mamlaka ya kuwaambia watu wahame? Na nyumba mpya zitajengwa wapi ili yasijirudie?

Darasani hayo yanagawanywa kuwa masomo: kutathmini hatari, kuchora ramani kwa GIS (mfumo wa kompyuta wa taarifa za kijiografia), mifumo ya tahadhari za mapema, sheria na sera, uchumi wa hasara, kujenga uwezo wa taasisi, mbinu za utafiti, kisha tasnifu. Mpango wa Sendai wa 2015 hadi 2030, yaani makubaliano ya nchi za Umoja wa Mataifa ya kupunguza hatari za maafa, uliopitishwa Japani Machi 2015, utakutana nao karibu kila kona, kwa hiyo usome kabla hujaondoka. Hauchoshi, na hausomwi kwa siku nyingi.

Janga, maafa, hatari: si kitu kilekile?

Mtaani tunayachanganya, ila kwenye fani yanatenganishwa, na ukiyatenganisha mapema utaelewa nusu ya somo. Mvua kubwa inayofurisha Mto Msimbazi ni janga. Nyumba, karakana na barabara zilizopo bondeni Jangwani ni vitu vilivyo kwenye njia ya janga hilo. Nyumba ya tofali za udongo isiyo na msingi huumia kuliko ghorofa ya jirani, na huo ndio udhaifu. Hatari ni uwezekano wa madhara unaotokana na hayo matatu yakiwekwa pamoja. Maafa ni pale madhara yanapokuja na kuwazidi nguvu wenyeji.

Neno jingine linalowatatiza watu ni "kuhimili". Kupunguza gesijoto ni jambo moja, na kujipanga kuishi na joto, ukame na mafuriko ambayo tayari yapo ni jambo la pili. Shahada hizi hushughulika zaidi na hilo la pili.

Ni mafunzo ya uokoaji?

Hapana. Hutafundishwa kuzamia wala kuzima moto. Ukitaka hayo, nenda kwa wenye kazi yao.

Nimesoma ualimu, uuguzi, sosholojia. Watanipokea?

Mara nyingi, ndiyo. Fani hii huchukua watu wa fani nyingi kwa sababu tatizo lenyewe lina pande nyingi. Unachotakiwa ni kuonyesha uhusiano. Muuguzi aliyefanya kazi kambi ya kipindupindu baada ya mafuriko ana hoja nzito. Mwalimu ambaye shule yake iligeuzwa makazi ya muda ya waathirika naye anayo.

Tahadhari ni kwa programu zenye hesabu nyingi. Kozi za haidrolojia na uhandisi wa mafuriko hudai kalkulasi na takwimu, na hazikuhurumii ukifika bila hizo. Soma orodha ya masomo mstari kwa mstari, kwa sababu jina la programu peke yake halitakuambia.

## Kuchagua chuo

Vyuo gani vinatoa?

Ninavyovijua vizuri ni hivi. Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, kina shahada ya miaka miwili inayounganisha usimamizi wa hatari za maafa na kuhimili mabadiliko ya tabianchi, kwa Kiingereza. Ujerumani kuna programu ya Bonn inayoendeshwa pamoja na taasisi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa iliyoko mjini humo, na inahusu jiografia ya hatari za mazingira na usalama wa binadamu. London kuna idara ya hatari na maafa ya chuo kikuu cha UCL, na King's College ina shahada ya maafa, kuhimili na maendeleo. Uholanzi, kitivo cha ITC cha Chuo Kikuu cha Twente mjini Enschede ndiko kwa wapenda ramani na picha za setilaiti.

Kwa watu wa maji, Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa shahada za pamoja zenye ufadhili, imekuwa na programu ya usimamizi wa hatari ya mafuriko inayokuzungusha vyuo vya nchi kadhaa za Ulaya. Japani nako kuna kozi ya mwaka mmoja ya maafa yatokanayo na maji, inayoendeshwa na chuo cha GRIPS pamoja na kituo cha ICHARM kilichoko Tsukuba. Waombaji wake hupitia JICA, shirika la ushirikiano la serikali ya Japani, na serikali zao, kwa hiyo huwafaa zaidi watumishi wa mabonde ya maji na mamlaka za hali ya hewa.

Kati ya hivyo, nichague kipi?

Watu wengi huanza na orodha ya vyuo bora duniani, halafu wanaishia kuandika barua isiyo na mwili. Anza na janga unalolijua kwenu.

Nieleze nilivyofika hapo mimi. Kabla sijaenda popote nilikuwa natembea na vijana wa kata bonde la Msimbazi tukiandika nyumba zilizoingiwa na maji. Mama mmoja alinivuta ndani akanionyesha ukuta wa sebule. Mwanawe alikuwa amechora kwa mkaa mistari mitatu, kila mmoja na mwaka wake pembeni: 2011, 2014, 2018. Wa 2011 ulipita juu ya swichi ya taa. Nikapiga picha. Miezi mingi baadaye, nilipokuwa nimechanganyikiwa na tovuti za vyuo, niliirudia picha ile nikajiuliza: ni chuo gani kitanifundisha kuufanya ukuta huu uzungumze na mpangamji? Nikajikuta natafuta programu inayochanganya upimaji wa hatari na kazi ya serikali za mitaa. Orodha ya vyuo 20 ikabaki na vitatu.

Fanya hivyohivyo. Kama unatoka Turkana au Longido, janga lako ni ukame, na programu iliyojaa matetemeko haitakufaa sana. Kama ulikuwepo Bukoba tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipopiga Septemba 2016, swali lako huenda ni ujenzi wa nyumba. Kama ni Mafia au Mtwara, umeshaona Kimbunga Kenneth kikipita jirani mwaka 2019 na Hidaya kikija mwaka 2024, na unajua kwamba watu wetu walizoea kuamini vimbunga ni vya Msumbiji.

Kwani hapa nyumbani hakuna?

Vipo, na ningependa visifiwe zaidi. Chuo Kikuu Ardhi kina kituo cha mafunzo ya usimamizi wa maafa. Masinde Muliro, Kakamega, wamefundisha fani hii kwa miaka mingi. Bahir Dar wapo Ethiopia, na Chuo Kikuu cha Free State kiko Bloemfontein. Ukisoma huku utapata wahadhiri wanaoijua sheria yako ya maafa na kesi zako, na utajenga mtandao wa watu utakaofanya nao kazi miaka 30.

Unachopata nje ni maabara, maktaba, fedha za utafiti, na kukaa meza moja na Mfilipino, Mnepali na Mkolombia ambao wameyaona mambo usiyoyaona. Kama ufadhili wa nje haukupatikana mara mbili, usikae miaka mitano ukisubiri. Anza hapa.

Mwaka mmoja au miwili?

Uingereza ni mwaka mmoja na unakimbia: ukizoea baridi, tasnifu imefika. Sweden na Ujerumani ni miwili, kuna nafasi ya kwenda uwandani na kukosea. Ukiwa na familia changa au mwajiri asiye na subira, mmoja unaeleweka. La sivyo ningechagua miwili.

## Kuomba

Maombi hufunguliwa lini?

Mapema kuliko unavyodhani: karibu mwaka mzima kabla ya kuanza masomo. Maombi ya Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa kawaida ni kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Oktoba. Sweden hupokea maombi ya vyuo vyote kupitia tovuti moja ya taifa, kuanzia Oktoba hadi katikati ya Januari, kwa ada ya krona 900. Erasmus Mundus nyingi hufunga kati ya Desemba na Februari. Kozi za Ujerumani zenye ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kila moja ina tarehe yake.

Nyaraka gani zinatakiwa?

Cheti cha shahada, transkripti, pasipoti, wasifu, barua ya kujieleza, barua za wadhamini wako wa kitaaluma, na ushahidi wa Kiingereza. Kwa Sweden soma pia masharti ya nchi uliyosomea, maana namna ya kuwasilisha vyeti hutofautiana.

Kinachowaangusha wengi ni transkripti. Yangu ilichukua wiki saba kutoka chuo nilichosoma, na ilipotoka jina langu la kati lilikuwa limekosewa herufi moja. Nikarudi mwanzo wa foleni. Jina lazima lilingane kwenye pasipoti, cheti na transkripti. Likitofautiana, nenda kwa wakili ukaandikiwe kiapo cha majina, au cheti kirekebishwe kabisa. Anza leo, hata kama huna uhakika utaomba mwaka huu.

IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ni lazima?

Inategemea. Baadhi ya vyuo hukubali shahada iliyosomwa kwa Kiingereza, vingine vinataka mtihani hata kama umesoma Kiingereza tangu chekechea. Kiwango cha kawaida ni 6.5, na matokeo hutumika kwa miaka miwili. Mtihani si wa bei rahisi, kwa hiyo ulizia kwanza kama unahitajika.

Barua ya kujieleza niandike nini?

Usianze na "Mabadiliko ya tabianchi ni changamoto kubwa duniani." Msomaji ameshaisoma sentensi hiyo mara mia siku hiyo. Mimi nilianza na ule ukuta wa mkaa (tazama swali la kuchagua chuo), nikaeleza tulichofanya na taarifa zile, wapi tulikwama, na masomo yapi mawili ya programu yao yangenikwamua. Kisha nikasema nitarudi kufanya nini, wapi, na nani.

Sema ukweli kuhusu kilichoshindikana. Niliandika kwamba ramani yetu ilikaa kabatini kwa sababu hatukuwahi kumshirikisha mpangamji wa manispaa tangu mwanzo. Nilipoulizwa kwenye usaili, hilo ndilo waliloshikilia.

Na kama bado huna cha kueleza, tafuta. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria uliwafundisha wanafunzi na wakazi kuchora mitaa yao kwenye OpenStreetMap, na ramani ile iko wazi kwa mtu yeyote. Kujifunza kuitumia kunahitaji kompyuta, bando na subira.

Sina uzoefu wa kazi. Niombe?

Chuo kinaweza kukupokea, shida ni mfadhili. Chevening wanataka saa 2,800 za kazi, takriban miaka miwili. Ufadhili wa Taasisi ya Sweden umekuwa ukitaka saa 3,000 pamoja na ushahidi wa uongozi. Kozi za DAAD za maendeleo zinataka angalau miaka miwili. Anza kuhesabu saa zako na kutunza barua za mwajiri. Kama ulijitolea, soma masharti ya mfadhili husika kuona kama huhesabiwa.

## Fedha

Ufadhili upi unafaa kwa fani hii?

Erasmus Mundus hulipa euro 1,400 kwa mwezi na ada yote. Chevening hulipa karibu kila kitu kwa mwaka mmoja, ukiahidi kurudi kwenu kwa miaka miwili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola uko wazi kwa Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, na moja ya mada zake ni ustahimilivu na kukabili dharura, ambayo ni fani yetu kabisa. DAAD wana orodha ya kozi wanazofadhili, na huangalia pia kwamba shahada yako ya mwisho haina zaidi ya miaka sita. Kwa Sweden, omba chuo kwanza hadi Januari, kisha ufadhili mwezi Februari, na uhakikishe programu yako na nchi yako vimo kwenye orodha ya mwaka huo.

Mtu mmoja anaweza kuomba nne kwa mwaka bila kosa lolote. Mimi nilikataliwa mwaka wa kwanza.

Nimepata nafasi lakini sina ufadhili. Nikope?

Ningekushauri usiuze kiwanja cha familia kwa ajili ya shahada hii. Mishahara ya fani haitakirudisha haraka. Uliza chuo kama unaweza kuahirisha nafasi, au uombe upya. Kama unaona lazima ujilipie, angalia Ujerumani. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, Bonn kikiwemo, bali mchango wa muhula. Ila kwa viza utatakiwa kuonyesha fedha za kujikimu kwenye akaunti maalumu, ambazo zimekuwa euro 11,904 kwa mwaka.

Wakala ameniahidi nafasi na ufadhili, anataka hela ya kushughulikia.

Usimpe. Hakuna mfadhili niliyemtaja hapo juu anayetoza ada ya kuomba ufadhili, na hakuna wakala anayeweza kukuhakikishia. Ada ya kuomba chuo, pale ilipo, unalipa mwenyewe kwenye tovuti ya chuo au ya taifa husika. Nimeona watu wakipoteza akiba ya mwaka mzima kwa mtu wa WhatsApp mwenye picha ya bendera. Inauma sana, maana ni watu waliojinyima.

## Safari na maisha

Viza inachukua muda gani?

Panga miezi mitatu, usinunue tiketi kabla. Kwa Uingereza, mwombaji kutoka Tanzania au Kenya anahitaji cheti cha kupima kifua kikuu, na kuna malipo ya huduma ya afya ya pauni 776 kwa mwaka ambayo wafadhili wakubwa huyabeba.

Naweza kwenda na mke, mume au watoto?

Uingereza, tangu Januari 2024, wanafunzi wa uzamili wa darasani kwa kawaida hawaruhusiwi kwenda na wategemezi. Sweden inaruhusu kuwaombea, ukionyesha fedha za kuwatunza, na ufadhili kwa kawaida hauwahesabu. Hili lizungumzeni nyumbani kabla ya kubonyeza "tuma", si baada ya barua ya kukubaliwa kufika.

Baridi je?

Koti zito nunua huko huko, la mtumba linatosha. Kinachosumbua zaidi ni giza: Desemba mjini Lund mwanga wa mchana hudumu kwa muda wa kama saa saba tu, na mara nyingi jua lenyewe halionekani. Toka nje kila siku saa sita mchana, hata kwa robo saa. Wapigie simu watu wa nyumbani kwa siku maalumu, usisubiri upweke ukulemee.

## Hali za pekee

Mimi ni mtumishi wa umma. Nianzie wapi?

Kwa mwajiri, kwa maandishi, kabla ya kuomba. Ruhusa ya masomo na kibali cha kusafiri vina ngazi zake, na barua huweza kukaa mezani kwa wiki. Ambatisha maelezo ya namna masomo yanavyogusa majukumu yako. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa hadi ngazi za chini, na kuitaja kunasaidia ombi lako lieleweke.

Nimesoma kwa Kifaransa, natoka Goma au Bujumbura.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kujiandaa kwa mtihani wa Kiingereza na kufuata haya yote. Ya pili ni Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, chenye shahada ya ubobezi ya usimamizi wa hatari na maafa kwa Kifaransa. Tafuta kama mwaka huo imo kwenye ufadhili wa ARES, shirika la vyuo vya Ubelgiji vinavyofundisha kwa Kifaransa. Mtu aliyeikimbia lava ya Nyiragongo Mei 2021 hana haja ya kujieleza sana kwa nini anaisoma fani hii.

GPA yangu ni ndogo.

Kama haifiki kiwango cha chini kilichoandikwa, chagua chuo kingine, usipoteze ada. Kama inafika kwa shida, uzoefu na barua (tazama hapo juu) vinaweza kukubeba.

Nikirudi, shahada itatambulika?

Ya chuo kinachotambulika kwao, ndiyo, lakini kuna utaratibu. Tanzania unaipeleka TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kupata utambuzi, na Kenya nako kuna uthibitisho wa shahada za nje. Rudi na transkripti halisi na barua ya chuo inayoeleza muda na lugha ya masomo.

Naweza kufanya utafiti wa tasnifu nyumbani?

Ndiyo, na ningekusihi ufanye hivyo. Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, na Tanzania ulizia COSTECH mapema; zote ni tume za sayansi za serikali. Zanzibar ina utaratibu wake. Ukitaka kurusha droni kuna kibali cha mamlaka ya anga, na hicho kianze miezi kadhaa kabla. Barua ya chuo pekee haitakufikisha kwa mtendaji wa kata, na bila yeye mjumbe wa mtaa hatakutembeza.

Na kabla hujaondoka kwenda masomoni, pima. Nilipoonyesha picha ya ule ukuta darasani, swali la kwanza la msimamizi wangu lilikuwa: kutoka sakafuni hadi mstari wa 2011 ni sentimita ngapi? Sikuwa nimepima. Ilibidi kijana wa kata arudi kwa yule mama na futi kamba, siku ya Jumapili, anitumie namba kwa simu. Mistari miwili ilikuwepo. Wa 2014 walikuwa wameshaupaka chokaa.